AMANI HAIISHII MEZANI: MAFUNZO KUTOKA MAZUNGUMZO YA ARUSHA

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Masama, mbele ya wageni kutoka makanisa rafiki



Mada niliyopewa ni historia ya mazungumzo ya amani. Maswali mengi yaliyoletwa na sharika kabla ya semina yalihusu Israeli na Palestina, na hilo halinishangazi. Nchi ile tunaisoma kila Jumapili. Wapo Walutheri wenzetu kule, Wapalestina, na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani linaendesha hospitali ya Augusta Victoria juu ya Mlima wa Mizeituni. Isitoshe, vita vya kule vimefika mpaka huku mlimani. Katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa pia vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo, na mmoja wao alizikwa hapa hapa mkoani Kilimanjaro. Katika vita vilivyofuata Gaza, makumi ya maelfu ya Wapalestina wameuawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Lakini naomba ruhusa yenu nianzie karibu. Mji wa Arusha uko jirani yetu, na katika mji huo pameandikwa mikataba miwili mikubwa ya amani: ule wa Rwanda mwaka 1993 na ule wa Burundi mwaka 2000. Wa kwanza uliporomoka katika muda wa miezi minane. Wa pili ulichechemea, ukapigwa dhoruba, lakini ulimaliza vita. Tukielewa tofauti ya hiyo miwili tutaelewa vizuri zaidi mambo ya Yerusalemu, na nadhani tutaelewa pia baadhi ya mashauri yaliyoko kwenye vihamba vyetu.

MKATABA WA KWANZA: RWANDA

Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF, wengi wao wakiwa watoto wa wakimbizi waliokulia Uganda, waliingia Rwanda kwa silaha. Baada ya mapigano na usimamishaji vita uliovunjika mara kadhaa, pande mbili zilikubali kukutana Arusha kuanzia Julai 1992. Tanzania chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilikuwa msuluhishi, na kazi ya kila siku aliifanya Balozi Ami Mpungwe.

Kazi ile ilifanyika kwa makini sana. Itifaki zilisainiwa moja baada ya nyingine: utawala wa sheria, kugawana madaraka, kurudi kwa wakimbizi, na mwisho kuunganisha majeshi. Katika jeshi jipya upande wa serikali ungetoa asilimia 60 ya askari na RPF asilimia 40, na nafasi za maofisa zingegawanywa nusu kwa nusu. Tarehe 4 Agosti 1993 Rais Juvénal Habyarimana na Mwenyekiti wa RPF, Alexis Kanyarengwe, walitia sahihi. Wakati ule wataalamu wengi waliusifu kuwa mmoja wa mikataba iliyoandikwa vizuri zaidi barani Afrika.

Mnajua yaliyofuata. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyombeba Habyarimana, pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa Kigali ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Mauaji ya kimbari yakaanza, na katika siku mia moja watu wapatao 800,000 au zaidi waliuawa, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji yale. Mwisho wa Aprili watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi.

Kwa nini mkataba uliosifiwa ulianguka namna ile? Sababu ni nyingi, lakini nitataja mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni kwamba watu waliokuwa na nguvu ya kuuvunja waliachwa nje. Chama cha CDR cha Wahutu wenye msimamo mkali hakikupewa nafasi katika serikali ya mpito, na ndani ya chama cha Rais mwenyewe walikuwamo wakubwa ambao hawakuukubali tangu mwanzo. Siwatetei watu hao, maana waliyoyapanga yalikuwa dhambi kubwa. Nasema tu kwamba hakuna aliyekuwa na mpango wa kuwakubalisha, wala hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwazuia. Sababu ya pili ni kwamba walinzi wa mkataba walikuwa wachache. Umoja wa Mataifa uliidhinisha askari 2,548, na mauaji yalipoanza Baraza la Usalama likapiga kura tarehe 21 Aprili 1994 kuwapunguza wabaki 270.

MKATABA WA PILI: BURUNDI

Huko Burundi nako mambo yalikuwa yameharibika. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza Mhutu, alichaguliwa kwa kura Juni 1993. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule aliuawa na askari wa jeshi lililokuwa mikononi mwa Watutsi. Wahutu wakawaua majirani zao Watutsi, jeshi likawaua Wahutu, na vita vilivyoanza hapo vilichukua maisha ya watu wapatao 300,000. Wakimbizi walijaa Kigoma.

Kwa kanisa letu jambo hili halikuwa geni. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilikuwa limeshahudumia Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto waliozaliwa kule walikuwa sasa na watoto wao.

Mwalimu Julius Nyerere alianza kazi ya usuluhishi mwaka 1996 kwa mikutano ya Mwanza. Kabla haijafika mbali, tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi. Wakuu wa nchi jirani wakakutana Arusha tarehe 31 Julai wakaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, vilivyositishwa Januari 1999. Vikwazo vile viliisukuma serikali kukaa mezani, lakini vilimuumiza pia mkulima wa kawaida aliyekosa mbolea na dawa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Warundi wengi wa upande wa serikali walimwona Mwalimu, na Tanzania kwa jumla, kuwa na upendeleo. Hilo tulikumbuke: hata msuluhishi mwenye jina kubwa huanza kazi akiwa na watu wasiomwamini.

Mazungumzo rasmi yalifunguliwa Arusha tarehe 15 Juni 1998 kwa wajumbe wa vyama 17. Mwishoni pande zilifika 19. Mwalimu alizigawa kazi katika kamati: chanzo cha mgogoro; demokrasia na utawala bora; amani na usalama; ujenzi mpya na maendeleo; na baadaye kamati ya dhamana za utekelezaji. Kamati ya amani na usalama iliongozwa na padre wa Kikatoliki kutoka Italia, Matteo Zuppi wa Jumuiya ya Sant'Egidio, ambaye leo ni Kardinali. Jaji Mark Bomani alikuwa mkono wa kuume wa Mwalimu katika kazi ile.

Mambo yalikwenda polepole. Wajumbe walilaumiwa kwamba wamezoea posho na hoteli. Wafadhili walilalamika juu ya gharama. Lakini angalieni swali ambalo kamati ya kwanza ilipewa: hawakuulizwa nani apate wizara gani, waliulizwa mgogoro huu umetoka wapi. Watu waliouana kwa miaka 30 walitakiwa kuandika pamoja maelezo ya kilichotokea. Kazi ile peke yake ilimeza miezi mingi, na kwa maoni yangu muda ule haukupotea.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kabla kazi haijaisha. Tarehe 1 Desemba mwaka huo wakuu wa nchi wakamteua Nelson Mandela. Mandela alikuja na mtindo mwingine. Aliwakemea viongozi wa Burundi waziwazi, mbele ya wageni na waandishi wa habari, kwamba wananchi wanakufa huku wao wakivutana. Aliidai serikali ivunje kambi ambamo jeshi lilikuwa limewakusanya kwa nguvu wakulima wapatao laki tatu kandokando ya Bujumbura. Vilevile alisisitiza kwamba waasi wenye bunduki, ambao hawakuwa mezani, lazima watafutwe.

Jambo jingine halisemwi mara nyingi. Kwa muda mrefu wanawake wa Burundi walikaa Arusha kama watazamaji tu, na baadhi ya wajumbe wanaume walisema kwamba hao hawakuwa upande wowote katika vita. Julai 2000 ulifanyika mkutano wa wanawake kutoka vyama vyote, Wahutu na Watutsi pamoja. Wakaandika mapendekezo yao ya pamoja juu ya urithi wa ardhi, elimu ya wasichana na ulinzi wa wanawake, na sehemu kubwa ya mapendekezo hayo iliingizwa katika mkataba. Kumbukeni kwamba wakati ule wanaume wa vyama vile vile walikuwa bado hawajakubaliana juu ya nani aongoze kipindi cha mpito.

MWEZI MMOJA BAADA YA CAMP DAVID

Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ulisainiwa Arusha. Miongoni mwa mashahidi alikuwapo Rais Bill Clinton wa Marekani. Hapo ndipo historia yetu inapokutana na ile ya Nchi Takatifu, maana mwezi mmoja tu kabla, kuanzia tarehe 11 hadi 25 Julai, Clinton alikuwa amefungiana Camp David na Waziri Mkuu Ehud Barak wa Israeli na Yasser Arafat wa Palestina, wakatoka bila makubaliano.

Mkataba wa Oslo kati ya Israeli na Chama cha Ukombozi wa Palestina ulisainiwa Washington tarehe 13 Septemba 1993, wiki sita tu baada ya ule wa Rwanda. Pande zile zilitambuana kwa mara ya kwanza, na hilo si dogo. Lakini maswali magumu yaliahirishwa: Yerusalemu, wakimbizi, makazi ya walowezi, mipaka na usalama. Walitumaini kwamba katika miaka mitano ya mpito wangejenga uaminifu kwanza, kisha magumu yangekuwa mepesi. Ikawa kinyume. Februari 1994 mlowezi mmoja aliwaua Waislamu 29 wakiwa katika sala Hebroni. Mabomu ya Hamas, waliokuwa nje ya meza, yakalipua mabasi. Makazi ya walowezi yaliendelea kupanuka. Tarehe 4 Novemba 1995 Waziri Mkuu Yitzhak Rabin akauawa na Mwisraeli mwenzake aliyeupinga mkataba. Hivyo walipofika Camp David, yale magumu yote yaliyoahirishwa yalikuwa yanawasubiri, na uaminifu uliotarajiwa ulikuwa haupo. Mwishoni mwa Septemba 2000 machafuko makubwa yalianza upya.

Nasi tusijivune, kwa sababu mkataba wa Burundi ulisainiwa nao ukiwa na mapengo. Hakukuwa na usimamishaji vita. Hawakuwa wamekubaliana nani aongoze kipindi cha mpito. Vyama kadhaa havikusaini siku ile, na vilisaini mwezi uliofuata. CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, makundi mawili makubwa yenye silaha, yalikuwa nje. Magazeti mengi yaliuita mkataba mfu.

BAADA YA SAHIHI

Kilichouokoa ni kwamba watu hawakuondoka. Julai 2001 wakuu wa nchi walirudi Arusha wakakubaliana juu ya kipindi cha mpito: miezi 18 chini ya Buyoya na miezi 18 chini ya Domitien Ndayizeye. Kilianza Novemba 2001, na Aprili 2003 Buyoya aliachia kiti kama alivyoahidi. Afrika Kusini ilipeleka askari kuwalinda viongozi waliorudi kutoka uhamishoni. Baadaye vikaja vikosi vya Umoja wa Afrika na vya Umoja wa Mataifa.

Makundi yaliyokuwa nje yalifuatwa moja moja. CNDD-FDD walikubali kusimamisha vita Desemba 2002, na mkataba kamili ukasainiwa Dar es Salaam Novemba 2003. FNL walisaini Dar es Salaam Septemba 2006, na mwaka 2009 wakaacha silaha na kuwa chama cha siasa. Hesabuni wenyewe: kutoka Juni 1998 hadi 2009 ni karibu miaka 11.

Katiba ya mwaka 2005 iliweka mambo yaliyopatanwa Arusha: viti vya Bunge na serikali asilimia 60 Wahutu na asilimia 40 Watutsi, viti kwa Watwa, angalau asilimia 30 wanawake, na jeshi ambalo hakuna kabila linaloweza kuzidi nusu yake. Waliokuwa wakiwindana porini wakalala bweni moja. Hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mwaka 2015 mtihani mwingine ulikuja. Mkataba ulisema rais asizidi vipindi viwili. Rais Pierre Nkurunziza alidai kipindi chake cha kwanza, alichochaguliwa na Bunge mwaka 2005, kisihesabiwe, na Mahakama ya Katiba ikakubaliana naye. Watu waliingia barabarani, jaribio la mapinduzi likashindwa, wengi wakauawa, na zaidi ya watu 200,000 wakakimbilia Tanzania. Kambi ya Nyarugusu ikafurika tena. Mzee Benjamin Mkapa aliteuliwa msuluhishi Machi 2016, akaziita pande zote Arusha, lakini serikali ilikataa kukaa na baadhi ya wapinzani wake, na mazungumzo yale yaliisha bila mkataba. Hata hivyo wengi waliofuatilia waliona kwamba safari hii nchi haikupasuka kwa Uhutu na Ututsi kama mwaka 1993. Mkataba ulijeruhiwa, lakini sehemu yake moja ilibaki imesimama.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu wapendwa, napenda kuweka mbele yenu mafunzo manne.

Kwanza, mwenye uwezo wa kuvunja mapatano asiachwe nje. Rwanda waliwaacha wenye msimamo mkali bila kuwazuia wala kuwakubalisha. Oslo iliwaacha wakataaji wa pande zote mbili. Burundi nayo iliwaacha, lakini iliwafuata mmoja mmoja hadi mwisho. Wazee wetu wa mifereji walilijua hili. Mgawo wa maji ya mfongo haupangwi na wenye mashamba ya juu peke yao. Ukimwacha yule aliye chini kabisa, asubuhi moja utakuta mfereji umezibwa au umekatwa, na mgawo wote umekwisha.

Pili, jambo gumu lisemwe mapema. Kuahirisha ni kazi ya kawaida ya vikao, na wakati mwingine ni hekima. Lakini lile ambalo ndilo chanzo cha ugomvi likiahirishwa, haliozi. Hukua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Arusha ya Burundi ilianza na chanzo cha mgogoro, na ingawa ilichelewa, kila kilichofuata kilikuwa na mahali pa kuegemea.

Tatu, amani ya nchi hujaribiwa kwenye ardhi. Mkataba ulisema mkimbizi ana haki ya kurudishiwa ardhi yake au kulipwa fidia. Lakini waliokimbia mwaka 1972 walirudi baada ya miaka 30 na zaidi, wakakuta familia nyingine imejenga, imepanda, imezika wazazi wake pale pale. Wote wawili wana hoja, na wote wawili ni maskini. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilipokea mashauri kwa maelfu. Katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu wengi walichagua kubaki, na Tanzania ikawapa uraia zaidi ya watu 160,000. Hilo ni tendo ambalo taifa letu linastahili kushukuru Mungu kwalo.

Nne, kazi kubwa huanza wageni wanapoondoka. Kila mkataba nilioutaja ulikuwa na siku ya kupeana mikono na kupiga picha. Tofauti ilikuja baadaye, kwa kuangalia nani alibaki kufuatilia.

Tunazo alama zetu wenyewe katika jambo hili. Sisi Wachagga tunapanda isale kuwa mpaka wa kihamba. Jani la isale hilo hilo ndilo mtu aliyekosa humpelekea aliyekosewa kuomba msamaha, na kwa mila si rahisi mtu kulikataa. Wazee hawakuona ajabu kwamba mmea mmoja uweke mpaka na uombe msamaha. Mpaka usio na msamaha ni ukuta wa vita. Na msamaha usio na mpaka ulio wazi, mwaka ujao mtarudi kwenye ugomvi ule ule. Isaka naye kule Gerari, karibu na Gaza ya leo, aligombaniwa visima viwili akavihama, akachimba cha tatu. Hatimaye Abimeleki alimfuata wafanye mapatano, nao wakala pamoja kabla ya kuapishana.

KWA KAMATI ZETU

Sasa niseme yanayotuhusu. Katika ziara za miradi, mashauri tunayokutana nayo mara nyingi kwenye sharika hayahusu dini wala siasa. Yanahusu kihamba: ndugu wawili na mstari wa migomba, mjane anayeambiwa na shemeji zake arudi kwao, binti aliyeachika na kurudi nyumbani, anaambiwa hana sehemu, kijana aliyeko Dar es Salaam anayeuza kipande bila mama yake kujua. Ardhi yetu huku juu ni ndogo, na kila kizazi inakatwa tena.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la ardhi la kata halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa, shauri huendelea mbele. Maana yake usuluhishi sasa una nafasi kubwa kuliko zamani, na kanisa lisikae pembeni.

Napendekeza kila kamati ya usharika ifanye mambo manne, yanayolingana na yale mafunzo.

Kikao cha usuluhishi kisifunguliwe mpaka wote wanaoguswa wawepo. Mjane asiwakilishwe na shemeji anayemdai. Awepo mwenyewe, na aseme mwenyewe. Wanawake wa Burundi walikaa kama watazamaji mpaka walipodai nafasi; yasitokee hayo hapa Masama.

Kikao kianze kwa kuuliza ugomvi ulianza wapi, si kwa kugawa. Wazee waliopo waulizwe mipaka, maana kila mzee anayezikwa anazikwa na kumbukumbu yake.

Yanayokubaliwa yaandikwe, yasomwe kwa sauti, yasainiwe na mashahidi kutoka pande zote, na nakala ibaki ofisi ya usharika na ofisi ya kijiji. Masale yapandwe siku hiyo hiyo, watu wote wakiona.

Kisha kamati irudi baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka, kuangalia kama mapatano yanashikwa. Hili la nne ndilo tunalolisahau. Tunapatanisha, tunaomba, tunakula ndizi na nyama, tunapeana mikono, tunaondoka. Baadaye tunasikia mtu amekatwa panga.

KWA NDUGU WAFADHILI

Kwenu ndugu wafadhili nina ombi moja, nalisema kwa heshima na shukrani kwa yote mliyokwisha kutufanyia. Miradi mingi ya amani hulipiwa mpaka siku ya kusaini. Kuna bajeti ya semina, ya usafiri, ya ukumbi na chakula, na ripoti inasema watu wangapi walihudhuria. Mwaka unaofuata fedha zinahamia mahali pengine. Nawaomba mtusaidie kupanga miradi ambayo angalau theluthi moja ya fedha inabaki kwa ajili ya kufuatilia baada ya mapatano: nauli ya mwinjilisti anayerudi kutembelea familia ile, na mafunzo kwa wazee wawili wa kila mtaa. Hazionekani kwenye picha, lakini ndizo zinazofanya mapatano yadumu. Na tunapotuma michango kwa wakimbizi wa Kigoma, au kwa hospitali ile ya Mlima wa Mizeituni, tusichoke kwa sababu habari zao zimetoka magazetini.

Wapo watakaosema Mratibu ameleta mambo ya marais kwenye kihamba. Lakini mikataba ya marais husimama au huanguka pale mtu aliyerudi kutoka kambini anapokutana na jirani yake kwenye mpaka wa shamba. Sisi tayari tuko pale mpakani. Tuna wazee, tuna wachungaji, tuna masale. Kinachotakiwa ni sisi kubaki pale wengine wanapoondoka.

Naomba kila kamati, kabla ya kikao cha robo mwaka ijayo, ituletee ofisini orodha ya mashauri yaliyopatanishwa katika miaka miwili iliyopita, na iandike kando ya kila moja: je, tulirudi kuangalia? Tutaanzia hapo.

Mungu awabariki, awabariki wa Rwanda na Burundi, na awape amani wote wanaoitafuta katika nchi aliyozaliwa Mwokozi wetu.